Kudura ya Mungu na Sanduku la Huduma ya Kwanza

Miongoni mwa maswali aletewayo mwalimu wa dini na wale walioingia karibuni katika Uislamu, na hata na wale ambao bado wanauchungua, limo hili: Ikiwa Mwenyezi Mungu amekwisha kadiria uhai na mauti ya kila mtu, tahadhari yafaa nini? Aulizaye hivyo mara nyingi hana nia ya ubishi. Pengine amewasikia Waislamu wenyewe wakisema "ni kudura ya Mungu" juu ya mtoto aliyekatwa na chupa, akavuja damu nusu saa nzima, na nyumbani hakikupatikana kitambaa kimoja kisafi. Napenda kulijibu swali hili kwa njia ya kitu kidogo sana, nacho ni sanduku la huduma ya kwanza ambalo limo, au lapasa kuwamo, katika nyumba yako na katika gari lako.

Tutazame siku ya Uhud. Katika mwaka wa 3 wa Hijra (625 Miladia) Mtume Mtukufu s.a.w. alijeruhiwa usoni, jino lake likavunjika, na kofia yake ya chuma ikapondwa juu ya kichwa chake. Katika Sahihi Bukhari imeelezwa yaliyofuata. Hadhrat Ali r.a. alileta maji kwa ngao yake, na Hadhrat Fatima r.a. akawa anaiosha damu. Alipoona kwamba maji hayaizuii damu bali yaizidisha, alichukua kipande cha mkeka, akakichoma, na jivu lake akalibandika juu ya jeraha. Damu ikakoma.

Aliyekuwa amelowa damu siku hiyo ndiye aliyemtegemea Mungu kuliko wanadamu wote, na waliomzunguka walijua vema kwamba Mola wake amemwahidi ulinzi. Hata hivyo hatusikii kwamba yeyote miongoni mwao alisema, "Mwacheni, Mungu atamponya." Maji yaliletwa upesi, jeraha likatazamwa kwa makini, na dawa ya kwanza iliposhindwa ikatumiwa ya pili. Hiyo ndiyo tawakali kama ilivyofahamika katika nyumba ya Mtume s.a.w. mwenyewe.

Hapa ni lazima niongeze neno, maana wako watu ambao wakisikia habari hii hukimbilia jivu. Sunna iliyomo humu si jivu. Bibi Fatima r.a. alitumia kilicho bora miongoni mwa vile alivyokuwa navyo kando ya uwanja wa vita, nasi twatakiwa kutumia kilicho bora miongoni mwa vile tulivyo navyo leo. Jivu la jikoni, udongo, unga wa kahawa na samadi vyaweza kutia vijidudu katika kidonda, na mojawapo ya maradhi yaletwayo kwa njia hiyo ni pepopunda, ambayo huua. Damu ikitoka kwa nguvu, weka kitambaa kisafi juu ya jeraha na ukandamize kwa mkono bila ya kuachia, wala usikifunue kila mara kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Aliyeungua kwa moto au maji ya moto amiminiwe maji ya baridi ya kawaida kwa muda wa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, bali apelekwe hospitali. Mambo haya si magumu, lakini usiku wa taharuki hayakumbukwi na mtu ambaye hakujifunza mapema.

Na kujiandaa mapema nako kumo katika habari za Masahaba. Wakati wa vita vya Handaki, Saad bin Muadh r.a. alipochomwa mshale, Mtume s.a.w. aliamuru alazwe katika hema la Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, lililokuwa katika msikiti wa Madina. Zingatia kwamba hema hilo halikuanza kutafutiwa nguzo na kamba baada ya Saad kuanguka. Kadhalika Bibi Rubayyi binti Muawwidh r.a. amesimulia kwamba wanawake walitoka pamoja na Mtume s.a.w. katika vita, wakiwanywesha watu maji na kuwauguza majeruhi. Hilo liwe jibu kwa dada aniulizaye kama yafaa amfunge jeraha mwanamume asiye mahramu wake kando ya barabara. Afunge! Damu haingoji.

Sasa tulirudie swali la kudura. Hadhrat Umar r.a. alipokuwa akielekea nchi ya Shamu alipata habari kwamba huko imezuka tauni, naye akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida r.a. akamwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Akajibiwa kwamba ndiyo, wanaikimbia kudura ya Mungu kwenda kwenye kudura ya Mungu. Jibu hili latosha kabisa. Mungu aliyeiumba damu itiririke ndiye aliyeiumba iweze kuganda ikikandamizwa. Aachaye kukandamiza hakuikubali kudura. Ameikataa nusu yake.

Lakini kuna jambo baya kuliko kukosa sanduku, nalo ni kuwa na sanduku tupu. Asiye nalo hujua kwamba hana, naye hukimbia kwa jirani bila kuchelewa. Mwenye sanduku tupu hupoteza dakika zake kulifungua na kulikuta na plasta moja iliyokauka gundi, mkasi wenye kutu, na chupa ya dawa iliyopitwa na muda wake miaka mingi. Alama iliyo juu ya kifuniko imekuwa ushahidi wa uongo.

Hali hii ni kubwa zaidi katika magari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani. Hata hivyo kuna wenye magari waliolinunua sanduku kwa ajili ya kumridhisha askari wa barabarani tu. Limefungwa katika karatasi yake ya nailoni, na abiria akiumia kondakta huona uchungu kulifungua, maana litapungua! Nisomapo Sura Al-Maun siwezi kuacha kuwafikiria watu hawa. Sura hiyo fupi yawaonya wale wanaosali kisha wakazuia vitu vidogo vya kusaidiana, na Masahaba wengine wamevieleza vitu hivyo kuwa kama chungu, ndoo na shoka. Bendeji nayo imo. Wala usiulize dini ya anayevuja damu. Kurani Tukufu (5:33) iliposema kwamba kuokoa nafsi moja ni kama kuwaokoa watu wote, haikuitaja nafsi ya Mwislamu peke yake.

Vijana ninaowafundisha katika chuo cha dini huku ng'ambo nimewazoeza kulifungua sanduku la bweni kila uandamapo mwezi, siku ile ile wautazamapo mwezi mchanga. Kilichotumika hununuliwa siku hiyo hiyo. Nawe waweza kufanya vivyo hivyo, na la gari ulitazame ubadilishapo oili. Viwemo shashi na bendeji za kutosha, kitambaa cha pembetatu cha kufungia mkono, pamba, plasta, glovu za mpira, mkasi, kibano, pini na kurunzi yenye betri nzima. Nyumbani ongeza vidonge vya kutuliza maumivu, na pakiti za chumvi na sukari za kumnywesha anayehara. Vidonge usiviache ndani ya gari, kwa kuwa gari lililosimama juani huwa kama tanuri, na dawa nyingi zimeandikwa zisiwekwe penye joto lipitalo digrii 30. La nyumbani liwekwe juu watoto wasipofika, bali usilitie kufuli ambalo ufunguo wake unatembea katika mfuko wa baba aliye kazini.

Upande wa ndani wa kifuniko bandika karatasi. Andika namba ya simu ya hospitali iliyo karibu na ya jirani mwenye gari, na jina la kila mtu wa nyumbani pamoja na dawa inayomdhuru. Iandike kwa herufi kubwa, ili hata mtoto wa darasa la tatu aweze kuisoma kwa mwanga wa kurunzi.