Israfu ya Maji Katika Ibada

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa asili ya kila kilicho hai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu! Israfu tumezoea kuitaja penye karamu za arusi na mavazi. Penye mfereji wa msikitini hatuitaji, nako yapo makubwa. Mtu hufungua maji yakamwagika, naye akunja mikono ya kanzu na kuzungumza na mwenziwe. Kisha huosha kiungo mara nne na tano kwa wasiwasi, akidhani kuzidisha huko ni uchaji Mungu. Sivyo hata kidogo. Anas bin Malik amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, ambayo haitimii lita, na akioga kwa pishi moja, yaani mudi nne, hata mudi tano. Na bedui alipomuuliza juu ya udhu, alimwonyesha mara tatu tatu, akambainishia kuwa mwenye kuzidisha hapo amekosea na amedhulumu.

Amemdhulumu nani? Kwanza, nafsi yake. Pili, wenziwe. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa israfu katika maji yako mwenyewe ni makuruhu, ama katika maji yaliyowekwa wakfu kwa kujitoharishia ni haramu. Basi asiseme mtu, "Maji haya yamelipiwa." Malipo huondoa deni la mwenye kuyauza, hayaondoi suala la Siku ya Kiyama.

Tutazame hali ya huku Garissa. Mto Tana watoka milima ya Kenya na Nyandarua, ukapita katika nchi ambayo mvua yake ni kiasi cha milimita 300 tu kwa mwaka. Akaaye ukingoni huona mto hauishi. Walakini tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila ya kunyesha sawasawa. Mifugo ikafa Garissa, Wajir na Mandera, na kina mama wakatembea masafa kutafuta dumu moja. Kisha, Novemba 2023, maji yakaja kwa gharika, yakabomoa, yakapita kwenda baharini. Neema isiyowekewa akiba haimngoji mtu.

Hatusemi kuwa mfereji mmoja hukausha mto. Twasema kuwa moyo uliozoea kumwaga hauwezi kumhurumia mwenye kiu.

Wazee wetu wa Lamu waliyajua haya. Walijenga jabia za kukingia mvua, na katika birika za misikiti wakateka kwa kata ya kifuu, kata kwa kata. Nasi yatupasa tufanye hivi: tutawadhe kwa kopo au kwa mfereji uliofunguliwa kidogo, na tuufunge tunaposugua kiungo. Maji ya udhu yaliyokwisha kutumika ni tahiri, ijapokuwa hayatoharishi tena. Basi yaelekezwe kwenye mitende na miti ya uani, yasipotee shimoni. Bustani inyweshwe alfajiri au jioni, si jua la utosini, na mashina yafunikwe majani makavu ili unyevu ukae. Tena kila paa liwekewe mlizamu na tangi, kwani milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba, kwa mvua hiyo chache ya Garissa, laweza kupokea kiasi cha lita 15,000 kwa mwaka. Na hizo ndizo tuziachazo zikachimba njia.

Maimamu na wasimamizi wa misikiti waanze wao, wapate kufuatwa. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kushukuru neema zake kwa vitendo, wala asitufanye katika wabadhirifu. Amin.