Mpinzani na Mzani Wake

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii huambiwa mwenye kutafuta. Ni nadra kuulizwa iwapo, akishakipata, atakumbuka kwamba aliwahi kuinama. Swali hilo huikabili kila kampeni ya mtu anayekitaka kiti cha ubunge ambacho mwingine amekikalia.

Mpinzani huwajia wapiga kura na madai mawili. La kwanza, kwamba aliyepo ameshindwa; la pili, kwamba yeye ataweza. Dai la kwanza hupimika kwa macho: maji yanatoka au hayatoki, barabara inapitika au haipitiki. La pili halina shahidi ila ulimi wa mwenye kulitoa. Mpinzani basi ni mkopaji. Hukopa imani ya watu, na rehani anayoiweka ni zile lawama alizomtupia mwenziwe. Je, deni hilo hulipwaje?

Jimbo la Bunda, mkoani Mara, limelishuhudia swali hili kwa namna ya pekee. Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, Stephen Wasira alisimama kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi dhidi ya Joseph Warioba wa CCM, aliyekuwa amepata kuwa Waziri Mkuu. Wasira alitangazwa mshindi. Warioba akaenda mahakamani, na ushindi ule ukatenguliwa. Baadaye Wasira alirejea CCM, na mwaka 2005 akaingia Bungeni kwa kiti cha Bunda. Ilipofika 2015, katika jimbo jipya la Bunda Mjini, mwenye kulinda alikuwa yeye, na mwenye kubisha hodi alikuwa Ester Bulaya, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametoka CCM, alikokuwa mbunge wa viti maalumu, akajiunga na CHADEMA. Bulaya akashinda. Mwaka 2020 naye akakikosa kiti hicho. Musoma Mjini nako, Vincent Nyerere wa CHADEMA alimshinda Vedastus Mathayo wa CCM mwaka 2010. Mwaka 2015 Mathayo akakirejesha.

Aliyebisha hodi jana ndiye anayebishiwa leo. Hapo ndipo jawabu linapoanza kuonekana. Mzani autumiao mpinzani kumpimia aliyepo, ataukuta mlangoni siku atakapoketi yeye. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Deni la mpinzani halilipwi kwa ahadi nyingi. Hulipwa kwa kukubali kupimwa kwa pishi ileile aliyoitumia kwa mwenziwe.

Wapo wasemao kwamba kosa la mpinzani ni la mapema zaidi: ni usaliti wa chama kilichomlea. Neno hilo ni zito, na halifai kutupwa ovyo. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kumnadi Benjamin Mkapa wa CCM, na mwaka huohuo mwanawe Makongoro akagombea ubunge wa Arusha kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, akashinda. Ikiwa mtoto aweza kupingana na chama cha babaye asiache kuwa mtoto, basi mpinzani aweza kukiacha chama asiwe adui wa nchi. Chama ni chombo, na abiria ana haki ya kushuka. Lakini ana wajibu wa kueleza ni lini aliliona tundu: kabla ya kunyimwa nafasi ya mbele, au baada yake? Dhamira haionekani kwa macho, ila tarehe yake huonekana.

Mtihani mgumu zaidi ni ule wa takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu ukarimu wa kimila wakati wa kampeni, na chaguzi za 2000 na 2005 zikaendeshwa hivyo, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Wapenzi wa lugha watatambua jinsi neno hili zuri lilivyopinduliwa. Takrima ni ya mwenyeji kwa mgeni. Mgombea aingiapo kijijini ndiye mgeni, na mwanakijiji ndiye mwenye nyumba. Mgeni akianza kugawa sukari na khanga, amejifanya mwenyeji katika nyumba ya watu, na mwenye nyumba amegeuzwa mpangaji. Mpinzani asiye na fedha huilaani takrima kwa sauti kubwa. Lakini anayeilaani kwa kuwa hana cha kukirimu bado hajailaani, anaionea wivu. Laana yake itathibitika siku atakapokuwa nacho, asitoe.

Washairi wa pwani waliijua adabu hii zamani. Katika malumbano, mwenye kujibu huyafuata mapigo ya mizani ya aliyeanza, na mara nyingi huvifuata hata vina vyake. Humshinda ndani ya kipimo kilekile, hajitungii chepesi cha kwake. Ndiyo maana msikilizaji huweza kuamua. Uchaguzi wa 1965, chini ya chama kimoja, ulikuwa na sura kama hiyo: wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, walisimama katika mkutano mmoja mbele ya watu walewale. Mfumo ule ulikuwa na ufinyu wake, kwani aliyetaka kukipinga chama chenyewe hakuwa na pa kusimama. Hata hivyo ulimlazimu kila mmoja kumsema mwenziwe akiwa ubavuni pake, na maneno hujichunga pale asemwaye anaposikia.

Mpiga kura naye hayuko nje ya mzani. Aliyepokea khanga kwa mkono wa kulia hawezi kudai barabara kwa mkono uleule pasipo haya. Na amwondoaye mmoja kwa kosa fulani, kisha akamvumilia mwingine kwa kosa lilelile kwa kuwa ni wake, amekuwa muuzaji mwenye mawe mawili ya kupimia mfukoni.

Kiti hakina mwenyewe. Kina mwenye kukikalia, na kina mwenye kukitaka. Atakaye kukipata, na ainame; lakini anapoinuka, na auchukue mkononi ule mzani aliokuja nao, aujibu kwanza yeye.