Wimbo Ule ni wa Nani?

Kila Jumamosi alasiri, kazi za shamba zikiisha, tunakutana akina mama sita au saba katika ua wa mwenzetu mmoja hapa Murungu, wilayani Kibondo. Tunatandika mkeka, tunamwaga maharage katikati, tunachambua. Wengi wao wana miaka arobaini na kitu au hamsini na kitu. Sisi tunaoandika haya tumewapita wote kwa umri, na wawili kati yao tuliwafundisha darasa la tatu. Ndiyo maana hata leo hawatuiti jina bali "Mwalimu", na tukiingia uani hushusha sauti kidogo, mpaka wakumbuke kwamba tumekwisha staafu na fimbo tumeiacha shuleni.

Majuzi mzee mmoja wa kanisa alipita njiani, akatusalimu, kisha akacheka na kusema, "Haya, umbea umeanza." Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo neno lile lilitukaa moyoni, na ndilo linalotufanya tushike kalamu. Je, mazungumzo ya wanawake waliokaa pamoja ni upotevu wa wakati tu? Au yana kazi ambayo wapitao njiani hawaioni?

Hatutaki kujitetea kupita kiasi. Mtume Paulo alimwandikia Timotheo habari za wanawake wanaozunguka nyumba kwa nyumba wakinena yasiyowapasa, na sisi twakiri kwamba barua ile ingeweza kuletwa uani petu. Siku moja mwaka jana tulimsema binti wa jirani hata mama yake akatokea mlangoni. Tulinyamaza wote kwa pamoja, na kunyamaza kule kulikuwa na aibu kuliko maneno yenyewe.

Lakini siku nyingi tunazungumza mambo mengine. Twazungumza tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo binti za wenzetu huzitazama hata chakula kikaungua. Twazungumza bei ya gunia. Zaidi ya yote twazungumza nyimbo, maana mkoa wetu wa Kigoma umetoa waimbaji wengi, na wenzetu wanaona fahari. Mwaka 2012 baadhi ya waimbaji hao walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo "Leka Dutigite", jina la Kiha ambalo ni kama kusema acha tujidai. Akina mama hawa hawana shahada ya muziki. Lakini waulize wimbo gani umetungwa kwa moyo na upi umeunganishwa kama viraka, watakujibu, tena watakupa sababu.

Jumamosi moja ukazuka ubishi juu ya "Salome", wimbo alioutoa Diamond Platnumz mwaka 2016 pamoja na Rayvanny. Kijana wa mwenye nyumba aliupiga katika simu yake, akasema ni wimbo wa zamani wa Diamond. Mama yake akaacha ungo. "Wa Diamond? Wimbo huu ni wa Saida Karoli! Tuliucheza arusini kwangu, wewe hujazaliwa!" Na kweli "Maria Salome" wa Saida Karoli wa Kagera ulienea nchi nzima tangu mwaka 2001, ukiimbwa kwa Kihaya, na watu wasiojua hata neno moja la Kihaya wakaushika. Mmoja akasema Diamond amefanya vema, amewafufulia vijana wimbo ambao wasingeusikia. Mwingine akasema kufufua ni kuzuri, lakini tazama huyu mtoto: amepata wimbo, hajapata jina la mwenye wimbo. Hapo ndipo ubishi ulipoacha kuwa wa mchezo.

Kwa kuwa sisi ni walimu, na mwalimu hawezi kuona ubishi asiongeze somo, tukawasimulia habari za Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, kiasi cha mwaka 1880, akauza vyungu, na watu walimdharau kwa asili yake. Mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kutia sauti yake katika santuri. Lakini nyimbo zake zilitoka wapi? Jioni watu wa Ng'ambo walifika nyumbani kwake, wakisimulia yaliyotokea mtaani na mahakamani, na kikundi chake kikayageuza nyimbo. Wimbo wa "Kijiti" ulihusu mwanamke aliyeuawa. Muuaji akatoroka kwenda bara, na waliotoa habari ndio waliojikuta matatani. Mtu aliyepita dirishani jioni ile akisikia wakisimuliana angesema nini? Angesema ni umbea. Kumbe palikuwa panatungwa kitu kilichobaki wakati majalada ya kesi yamekwisha sahauliwa.

Tena tuna mfano mkubwa zaidi, na hatujui kwa nini hatukuukumbuka mapema. Mariamu alipanda milimani kumtembelea Elisabeti, akakaa kwake kama miezi mitatu. Wanawake wawili wajawazito, mmoja kijana, mmoja mzee, nyumba moja, miezi mitatu! Bila shaka hawakukaa kimya. Na wimbo tunaouimba katika Sala ya Jioni ulizaliwa mlangoni pale, katika salamu za mtu na jamaa yake. Mtakatifu Luka hakuandika kwamba ni wimbo wa jadi. Aliandika nani aliyeuimba.

Tulipofika hapo mwenzetu mmoja, ambaye kwa kawaida husema machache, akauliza bila kuinua macho, "Na wangu je, Mwalimu?"

Wote walijua anasema nini. Mwaka 1996 alifiwa na mtoto wake wa kwanza, na katika siku za matanga alitunga wimbo. Aliuimba akipika, wenzake wakaupokea, ukaimbwa katika misiba mingine, hata kwaya moja ikauchukua. Mwaka uliofuata kwaya ile ilirekodi kanda mjini, na wimbo ule ndio ulioipendeza watu. Kwenye karatasi ya jalada paliandikwa mtunzi: mwalimu wa kwaya.

Sasa lazima tuseme jambo ambalo tumelizunguka tangu mwanzo wa makala hii. Karatasi ile tuliiandika sisi. Tuliombwa kwa sababu ya mwandiko wetu wa ubaoni. Tulijua wimbo ni wa nani, maana tulikuwa matangani tulipousikia mara ya kwanza. Tukauliza, tukaambiwa kwamba wimbo wa Mungu hauna mwenyewe, tukaona ni neno la kiroho, tukaandika jina la mtu mwingine. Na sisi ndio wale wale tuliokuwa tukimnyima maksi mtoto asiyeandika jina lake juu ya karatasi ya mtihani!

Neno lile la kiroho tumelifikiri tena. Kama wimbo wa Mungu hauna mwenyewe, basi mahali pa jina pangeachwa wazi. Halikuachwa wazi. Huko Marekani Fanny Crosby, kipofu, aliyefariki mwaka 1915, alitunga maelfu ya tenzi, nyingi zikalipwa dola moja au mbili, na wachapaji wakazitoa kwa majina mengi ya bandia ili watu wasione jinsi kitabu kimoja kilivyojaa kazi ya mwanamke mmoja. Hata hivyo walijua katika daftari zao ni nani. Sisi hatukuwa na hata daftari.

Akina mama hawakukubaliana. Mmoja alisema wimbo ni kama chumvi, ukishaitia mchuzini huwezi kuidai, na tena mwalimu yule wa kwaya ni marehemu, tusiwasumbue watoto wake. Mwingine akataja sheria, maana mwanawe amemweleza kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa jina, tena haikusahau sanaa za jadi. Sisi twaona wote wawili wamekosa kumwuliza mwenyewe. Tukamwuliza.

Akasema hataki fedha, na jina pia si kitu kikubwa kwake. "Walikata ubeti wa tatu," akasema. "Ubeti wa tatu ndimo alimotajwa mtoto." Kwaya iliuona ni wa nyumbani mno, haufai watu wote. Miaka yote hii ameusikia wimbo wake ukiimbwa makaburini bila mtoto wake ndani, naye amesimama akiitikia pamoja na watu.

Maharage yalikaa. Hakuna aliyechambua kwa muda.

Jumamosi iliyofuata tulileta daftari jipya la kurasa mia. Akauimba ubeti kwa ubeti, wenzake wakimkumbusha alipokwama, kwani wawili walikuwa bado wanaukumbuka wa tatu vizuri kuliko yeye. Tuliandika kwa mwandiko ule ule, na juu tukaandika jina lake na mwaka 1996. Mzee wa kanisa alipita tena. Safari hii aliuliza tunaandika nini, akaketi juu ya kinu kusikiliza.

Mwalimu wa kwaya wa sasa, kijana mzuri ambaye hakuwa amezaliwa kanda ile iliporekodiwa, tumempelekea nakala. Amesema sauti ya tatu itakuwa ngumu kupangwa katika ubeti ule, na ameomba tumpe wiki mbili. Wiki moja imepita.