Kwa Mliotoka Mafunzoni

Wanangu, nimesikia mmerudi kiwandani kutoka mafunzo ya kuwasaidia wenzenu wenye shida, na madaftari yaliyojaa namba za simu za ofisi za msaada. Vizuri. Nimewaona wengine waliorudi hivyo hivyo, na karatasi zikaishia kufungia maandazi.

Mwenzako mwenye shida hatakuja kukwambia ana shida. Atakukopa nauli, juzi na tena leo. Ataanza kuchelewa zamu. Au yule dada wa kufungasha atajitanda mtandio mpaka juu ya jicho, na joto lote hili la Dar. Usimhoji mbele ya watu. Ngoja mpate faragha, muulize kama amekula, halafu nyamaza. Huko kunyamaza ndiko kazi yenyewe, na sijaona semina inayokupa muda wa kutosha.

Akishafunguka, usimpe namba ukaenda zako. Kama ni kipigo, na yuko tayari, mfuatane hadi Dawati la Jinsia pale polisi, au hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanapatikana pamoja. Asilazimike kusimulia aibu ile ile ofisi baada ya ofisi.

Kama ni unga, yaani heroini, kuna methadoni, dawa ya kumsaidia kuacha; ilianza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na vituo vimeongezeka tangu hapo. Lakini anayeanza huinywa kila siku, mbele ya mhudumu. Mtu wa zamu ya asubuhi ataiwahi saa ngapi? Hapo ndipo unapohitajika: umwombe msimamizi abadilishe zamu, bila kutaja dawa wala ugonjwa.

Halafu kuna siku za kuhesabu. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimechoka, jamani, kuona watu wakizimaliza kwa mjumbe, kwa shehe, kwa mchungaji, wakitafuta wa kuwaombea msamaha kwa bosi. Wawaone hao kwa faraja, ila lalamiko litangulie. Aliyeumia kazini naye adai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ndani ya miezi 12. Asipoozwe na bahasha ya pole.

Na mwajiri akitaka umwandikie nani ana shida gani, mwambie hukusomea hilo. Akikazana, mlete kwangu. Nimeshastaafu, hana mshahara wa kunikata.