Kusoma Bila Mtihani

Watu wengi ninaowafahamu waliacha kusoma riwaya siku walipomaliza mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Si wavivu, wala si wajinga. Waulize leo kuhusu Takadini, Joka la Mdimu au Watoto wa Mama N'tilie, watakutajia dhamira, migogoro, wahusika na tamathali za semi kwa mpangilio uleule waliokaririshwa. Waulize kama kuna ukurasa uliowahi kuwaliza, watadhani unawatania.

Siwalaumu, maana ndivyo tulivyowalea. Mwanafunzi anatajiwa vitabu vya fasihi atakavyotahiniwa, naye kabla hajakigusa kitabu chenyewe ananunua kijitabu cha uchambuzi. Hicho ndicho anachokesha nacho, kwa sababu kina majibu. Riwaya inataka ukae nayo, na ratiba ya shule haina nafasi ya kukaa. Nenda Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo alilolifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Utakuta vijana wamejaa mezani, na inafurahisha kuwaona, lakini wengi wameinamia madaftari waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Riwaya ziko rafuni, zinawasubiri.

Mapenzi yangu ya vitabu yalikomaa niliposoma kwa mara ya pili vile nilivyodhani nimekwisha kuvimaliza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mwandishi mwenyewe akiwa hajafika hata miaka 30, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Nilipoisoma ujanani, macho yangu yote yalikuwa kwa Rosa: uzuri wake, njia aliyoishika, mwisho wake. Nilipoirudia nikiwa na binti ndani ya nyumba, aliyenishika shati ni Zakaria, yule baba wa Ukerewe anayempiga mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Niliuona woga uliojificha ndani ya ukali wake. Niliona jinsi nyumba inavyoweza kumfunga mtoto asimjue mwanamume yeyote ila kama kitisho, kisha ikashangaa anapoingia duniani bila silaha. Usiku ule nilikiweka kitabu chini, nikatoka kwenda kuketi barazani na binti yangu. Tuliongea mambo ya kawaida tu, lakini tuliongea mpaka jirani zetu wote wakazima taa.

Hakuna swali la mtihani litakalokufikisha hapo. Maneno ya kitabu ni yaleyale, herufi kwa herufi. Umri wako ndio uliofungua mlango mwingine. Ndiyo maana sioni fahari ya kuhesabu vitabu nilivyosoma kwa mwaka. Ninamheshimu zaidi mtu mwenye vitabu vichache vilivyochakaa kingo kwa kufunguliwa.

Na msomaji wa namna hii, akisoma muda mrefu, mkono unaanza kutafuta kalamu. Hajakusudia kuwa mwandishi. Amejaa tu, na kilichojaa kinataka pa kwenda. Mimi huandika kwenye daftari: sentensi iliyonisimamisha, ubishi wangu na mwandishi, wakati mwingine barua kwa rafiki anayekisoma kitabu hichohicho.

Wapo wanaosema wangeandika kama wangepata muda. Kwao mimi humtaja mwandishi Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909. Mwaka 1926 akaingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha, na karibu maisha yake yote yaliyofuata alibaki mtumishi wa serikali ya kikoloni, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, Pangani, Mpwapwa, Tanga. Mshahara ulikuwa wa karani na familia ilikuwa inamtegemea. Katika maisha hayo ndimo ilimotoka Kusadikika mwaka 1951, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambako Karama anashitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Fikiria mtu anayeamkia kazini chini ya wakoloni, kisha anaandika kitabu hicho. Alifariki mwaka 1962, na Kufikirika na Utubora Mkulima zikachapishwa yeye akiwa kaburini.

Huyo huyo karani ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi nyimbo zake Bombay. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Mengi tunayoyajua juu ya maisha yake tunayajua kwa kuwa mtu mmoja aliona maisha yale yanastahili kitabu. Kila ninapokipita kitabu kile rafuni huwaza ni akina Siti wangapi wa mitaani kwetu wanaozikwa bila hata ukurasa mmoja.

Tena kuna barua. Kwa miaka mingi, kuanzia 1931, Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Yusuf alizitunza barua zile, na mwaka 2002 zikatoka kitabuni. Mimi huzisoma kwa heshima kubwa kuliko hata baadhi ya riwaya zake, kwa sababu hapo hakuna mtahini wala mhariri, wala msomaji asiyefahamika. Kuna ndugu wawili tu, na mmoja wao hakuitupa karatasi. Bila yule aliyetunza, tusingekuwa na kitabu.

Kwa hiyo, mzazi mwenye mtoto wa kidato cha tatu, nakuomba jambo moja. Usimuulize kitabu chake kina dhamira gani. Hilo mwalimu atamuuliza. Muulize ni mhusika yupi angekubali kukaa naye nyumba moja, na yupi angemfungia mlango. Akishakujibu, kiazime kitabu, ukisome na wewe, halafu mbishane. Na siku atakapofaulu mtihani wake, usimruhusu akiuze.