Marehemu wa Kwihara

Desemba 1866, Musa na wenzake wa Nzwani walifika Unguja na habari: kiongozi wa msafara wao, mpelelezi Livingstone, ameuawa na Wangoni. Walisimulia yote, tangu pigo la shoka hadi maziko, watu wakaamini. Kumbe walikuwa wamemtoroka! Mwaka 1872 “marehemu” huyo alikaa miezi kadhaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi.

Barazani Chemchem, hapa Tabora, leo umbea una mwendo uleule: “Shoga, nimeambiwa, ila usinitaje.” Anayetetwa hayupo, na msimuliaji ana lake analolificha. Mimi humuuliza swali moja tu: wewe na yeye mliachanaje? Hapo wengi hukumbuka ghafla kwamba maharage yako jikoni.