Ada ya Mchezo: Kukodi au Kamari?

Ndugu zangu wanafunzi, michezo ya mtandaoni haitozi pesa kwa njia moja. World of Warcraft, tangu 2004, hutoza ada ya mwezi: bei inajulikana, muda unajulikana. Hiyo yafanana na ijara, kama kukodi baiskeli hapa Kamembe. Mingine hukuuzia kisanduku usichojua kilichomo. Mwaka 2018 Tume ya Kamari ya Ubelgiji ilisema visanduku vya FIFA 18 na Overwatch ni kamari. Kwetu maisir imekatazwa zamani, Al-Maida aya ya 90.

Je, ada ya mwezi basi haina neno? Tusiharakishe. Biashara husimama juu ya ridhaa, na ada inayojikata yenyewe kila mwezi hunufaika na usahaulifu wako. Tena wengi hawalipii mchezo; wanalipa ili wasiachwe na kundi. Na pesa aliyotuma mzazi kwa MoMo kwa ajili ya chakula na vitabu ni amana.

Kabla ya kubonyeza, jiulize: ninajua ninachonunua? Pesa ni yangu? Nikiacha kulipa, ni rafiki yupi atanitafuta? Wallahu a'lam.